Santuri za Majukwaa Yasiyofika Kitale

Mtaa wa Tuwan, ulio ubavuni mwa mji wa Kitale, umekusanya watu wa kila kabila lililopata kupita njia za Magharibi ya Kenya kutafuta riziki, Wabukusu kwa Wasabaoti, Waturkana kwa Wakikuyu, Waluo kwa Wateso, na lugha inayowapatanisha sokoni na dukani ni Kiswahili. Walakini uko wimbo mmoja usio wa Kiswahili wala wa kabila lolote la hapo, ambao mtu aliyekulia karibu na vibanda vya video vya miaka ya 1990 aghalabu huweza kuuanza bila ya kuombwa, nao ni "Freedom Is Coming Tomorrow". Ukimwuliza ameutoa wapi, atakwambia ameutoa kwa Sarafina, na hapo atakuwa amekusudia filamu iliyotoka mwaka 1992, yenye Whoopi Goldberg akiwa mwalimu na Leleti Khumalo akiwa yule msichana wa Soweto. Kwamba kabla ya filamu palikuwa na mchezo wa jukwaani, na kwamba mchezo huo uliacha santuri yake wenyewe miaka minne kabla ya filamu, ni habari ambayo haikupata kupanda gari la kuja Trans Nzoia.

Kikosi cha Mbongeni Ngema, mtunzi wa mchezo huo, hakikufika Kitale, wala hakikufika Bungoma. Kilichofika ni sauti, tena sauti ya pili. Jambo hili halikumpata Sarafina peke yake. Tamthilia za nyimbo zilizotungwa Afrika ya Kusini zimetujia sisi wa bara la Kenya kwa njia ya santuri, kanda na mawimbi ya redio, na kila mara tumeridhika na nakala iliyotangulia kutufikia, tukaiita ndiyo asili. Nakusudia kuziweka nakala hizo bega kwa bega, kwa kuwa naamini kwamba mtu akisikiliza santuri mbili za mchezo mmoja, zilizoimbwa na vikosi viwili, atasikia humo historia ambayo vitabu huieleza kwa mkato: nani alikuwapo siku ya kwanza, nani alikuwa amekwisha kuhama siku ya pili, na ni masikio ya nani yaliyokuwa yakibembelezwa kila mara.

Desturi ya kuwaingiza waigizaji studioni wakaimba mchezo wao kwa ajili ya wanunuzi ilishika mizizi Marekani mwaka 1943, pale kampuni ya Decca iliporekodi Oklahoma! kwa sauti za wale wale waliokuwa wakiuigiza Broadway, ikauza nyimbo hizo katika kasha la sahani sita za mizunguko 78 kwa dakika. Upande mmoja wa sahani ya namna ile ulichukua dakika tatu au nne tu, kwa hiyo kila wimbo ulikatwa kwa kipimo cha sahani, na msikilizaji alikuwa na kazi ya kuinuka, kugeuza na kukaa tena. Santuri ndefu ya mizunguko 33, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, ndiyo iliyoifaa tamthilia hasa, maana upande mmoja ulibeba dakika 20 na zaidi bila ya kumkatiza mtu.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, kwa tawi lililochepuka kutoka Leseru, ili kusomba mazao ya walowezi waliogawiwa ardhi ya Trans Nzoia baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na mabehewa yaliyokuja kuchukua magunia hayakuja matupu. Lakini soko la Mwafrika lilikuwa la sahani ndogo, na hata katika miaka ya 1950, kampuni za Nairobi zilipokuwa zikiwarekodi wapiga gitaa wa Kiluhya kama George Mukabi na John Mwale, wimbo ulipaswa kusema yake yote ndani ya dakika zile tatu na kutoka. Kwa mwenye gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono, tamthilia ya saa mbili ilikuwa kitu kisicho na mlango wa kuingilia nyumbani mwake. Redio peke yake ndiyo iliyoweza kuuchomoa wimbo mmoja katika santuri ndefu na kuurusha mpaka Kimilili na Webuye, nayo ilipofanya hivyo haikuwa na wasaa wa kueleza kwamba wimbo ule ulikuwa na kisa nyuma yake.

Kisa cha kwanza nitakachokishika ni King Kong. Mchezo huu ulifunguliwa tarehe 2 Februari 1959 katika ukumbi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, ambao ulichaguliwa kwa sababu chuo kiliweza kuwaketisha weusi na weupe chini ya dari moja, jambo ambalo kumbi za mjini zilikatazwa. Nelson Mandela, aliyekuwa wakati ule mmoja wa washtakiwa katika kesi ya uhaini, alikuwamo miongoni mwa watazamaji wa usiku wa kwanza. Simulizi lilikuwa la mtu aliyeishi kweli, mwanamasumbwi Ezekiel Dlamini, aliyepewa lakabu ya King Kong, ambaye baada ya sifa nyingi ulingoni alimwua mpenzi wake, akafungwa, na mwaka 1957 akafa maji katika bwawa la shamba la gereza. Harry Bloom aliandika masimulizi, Pat Williams akaandika maneno ya nyimbo, Leon Gluckman akaongoza, na muziki ukatungwa na Todd Matshikiza, mpiga piano ambaye pia alikuwa mwandishi wa gazeti la Drum. Nathan Mdledle wa kundi la Manhattan Brothers aliimba nafasi ya mwanamasumbwi, na Miriam Makeba, angali binti wa miaka 26, aliimba nafasi ya Joyce, mwenye kilabu cha pombe kiitwacho Back of the Moon. Huku kwetu angeitwa mama pima, na polisi wangemjua kwa jina. Katika bendi, nyuma ya wakongwe kama Kippie Moeketsi na Mackay Davashe, waliketi vijana wawili ambao dunia ilikuwa bado haijawasikia, Hugh Masekela na Jonas Gwangwa.

Santuri ya kikosi hicho ilitolewa na kampuni ya Gallo mwaka ule ule wa 1959. Ya pili ilitolewa na Decca mjini London mwaka 1961, baada ya mchezo kufunguliwa tarehe 23 Februari katika ukumbi wa Princes Theatre chini ya mfadhili Jack Hylton. Ni miaka miwili tu iliyozitenganisha, lakini ni miaka iliyobeba mambo ya karne. Makeba aliondoka mwaka 1959 kwenda Venice, ilikoonyeshwa filamu ya Come Back, Africa ambayo yeye alikuwamo, akapita London, akafika Marekani, na mama yake alipofariki mwaka 1960 akagundua kwamba hati yake ya kusafiria imefutwa na kwao hapafikiki tena. Tarehe 21 Machi mwaka huo huo yalitokea mauaji ya Sharpeville. Masekela naye aliondoka kwenda kusoma muziki ng'ambo. Kwa hiyo pazia la London lilipofunguliwa, Joyce hakuwa Makeba tena, alikuwa Peggy Phango. Mdledle alibaki mahali pake, na wenziwe wa Manhattan Brothers pamoja naye, na baada ya mchezo kwisha wengi katika kikosi hawakurudi nyumbani.

Anayezisikiliza santuri hizi mbili kwa kufuatana hana budi kuanza na ule wimbo wa kilabu, "Back of the Moon", maana ndimo tofauti inamodhihiri upesi. Katika ile ya Johannesburg waimbaji wanaimba kama watu wasiokuwa na haja ya kumweleza yeyote walipo. Makeba anacheza na mapigo, anakawia nyuma yake kisha anayadaka, na bendi inamjibu kwa ule uhuru wa wanamuziki waliokwisha kupiga pamoja katika harusi na madansi ya Sophiatown. Katika ile ya London maneno yametamkwa kwa uangalifu mkubwa zaidi, pumzi zimepangwa, na kila ala imekaa mahali ilipoambiwa ikae, kwa sababu msikilizaji aliyelengwa ni mtu wa West End ambaye hakujua shebini, yaani kilabu cha pombe cha namna ile, ni nini na ambaye hakununua tiketi ili achoke kwa kujiuliza. Matshikiza mwenyewe, aliyehamia London mwaka 1960, aliandika kitabu kilichotoka mwaka uliofuata, Chocolates for My Wife, ambamo uchungu wake juu ya namna kazi yake ilivyoshikwa na mikono ya watu wengine haufichiki.

Hata hivyo siafikiani na wale wanaoitupa santuri ya pili kama maji ya kuoshea vyombo. Phango amedhulumiwa na jina la Makeba. Sauti yake ni nzito zaidi, ya mwanamke aliyekwisha kulala njaa, na katika nyimbo za huzuni, ambazo Makeba wa 1959 aliziimba kwa utamu wa binti, Phango anaweka uzito ambao kisa chenyewe kinautaka, kwani Joyce ni mwanamke ambaye atauawa na mwanamume anayempenda. Ningeambiwa nichague moja ningechukua ya kwanza, kwa ajili ya bendi. Walakini nisingekubali kuambiwa kwamba ya pili ni nakala tu.

Na huku Magharibi ya Kenya? Katika nyimbo za King Kong umo mmoja uitwao "Kwela Kong", uliojengwa juu ya kwela, ule muziki wa filimbi ya bati wa vijana wa mitaani Johannesburg, na mdundo huo ulisafiri kaskazini kwa miguu yake, bila ya kusubiri tamthilia. Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi Juma, waliotoka Northern Rhodesia, ambayo leo ni Zambia, walifika Kenya, wakaingia katika studio za Equator za Nairobi pamoja na Fadhili William na Daudi Kabaka, na kutokana na mchanganyiko huo likazaliwa tuisti la Kenya, ambalo kiunoni mwake mna kwela. Kabaka, mtoto wa Waluhya aliyezaliwa Uganda mwaka 1939, ndiye aliyelifanya tuisti hilo kuwa la watu wote, na wimbo wake "Helule Helule" ulirekodiwa upya na kundi la Kiingereza la The Tremeloes mwaka 1968, ukauzwa Uingereza kwa watu ambao hawakuwa na habari ya nchi ya Waluhya. Basi pale London ambapo King Kong ilikuwa imenyooshwa ili ipendeze wenyeji, miaka saba baadaye na sisi tulinyooshwa vivyo hivyo: ukizisikiliza "Helule" mbili, ya Kabaka na ya Waingereza, utakuta katika ya pili kwamba gitaa limeacha kuzungumza na mwimbaji, limekuwa la kumsindikiza tu.

Makeba naye alikuja Kenya mwaka 1962, alipokuwa tayari mkimbizi mwenye sifa, na "Malaika" aliyoiimba na Harry Belafonte katika santuri ya mwaka 1965 iliwafanya watu wa mbali wadhani wimbo ule ni wake, hata Fadhili William, aliyetangulia kuurekodi, akawa kama mgeni katika nyumba yake. Lakini hayo yamekwisha kuandikwa sana, nami nayapita.

Kisa cha pili ni Sarafina, mchezo wa wana wa kizazi kile cha King Kong kilichotawanyika. Masekela, yule kijana wa tarumbeta wa 1959, sasa ni mtunzi pamoja na Ngema. Na Makeba, aliyekosekana katika santuri ya 1961, anatokea katika filamu ya 1992 akiwa Angelina, mama wa Sarafina. Mchezo wenyewe ulifunguliwa Market Theatre, Johannesburg, mwezi Juni 1987, ukavuka kwenda New York mwaka huo huo, na tangu tarehe 28 Januari 1988 hadi tarehe 2 Julai 1989 ukaonyeshwa katika ukumbi wa Cort, Broadway, mara 597. Waigizaji walikuwa vijana waliokusanywa na kufunzwa na Ngema, na kisa ni cha wanafunzi wa shule ya Morris Isaacson, Soweto, baada ya maasi ya tarehe 16 Juni 1976, wanaoandaa mchezo juu ya siku ambayo Mandela atatoka gerezani.

Santuri ya kikosi cha jukwaani ilitoka mwaka 1988, na siku hizo Mandela alikuwa angali kifungoni na nchi yake ilikuwa chini ya amri za hali ya hatari zilizotangazwa mwaka 1986. Filamu ilirekodiwa akiwa amekwisha kutoka, tangu Februari 1990. Tofauti ya santuri hizi, kwa maoni yangu, yote imo humo. "Freedom Is Coming Tomorrow" ya 1988 inaimbwa na watu wanaodai jambo wasilokuwa na hakika nalo, na kwa hiyo wanalidai kwa nguvu kupita kiasi. Gitaa la besi la mbaqanga linasukuma, tarumbeta zinaingia kidogo kabla ya wakati, na sauti za vijana zimekwaruzwa na maonyesho manane kwa wiki. Ile ya 1992 ni nzuri zaidi kwa kila kipimo cha fundi wa studio: kwaya imepangwa kwa ustadi wa Kimarekani, ngoma ni safi, hakuna anayekwaruza. Inaimba uhuru wa kesho kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuona alfajiri. Aidha filamu ilimweka mbele mwalimu Mary Masombuka, ili Whoopi Goldberg apate nafasi na filamu ipate watazamaji, na kwa hiyo watoto ambao jukwaani walikuwa wenye kujisemea walipata mtu mzima wa kuwasemea. Hasara hiyo inasikika hata mtu akifumba macho.

Lakini haki itendeke kwa filamu: ndiyo iliyotufikia, na ilitufikia kwa wakati wake. Mwishoni mwa 1991 Kenya ilikuwa imefuta kifungu kilichoruhusu chama kimoja tu, na mwaka 1992 Trans Nzoia na pande za Mlima Elgon katika Bungoma zilikuwa katika mapigano ya kikabila yaliyowang'oa watu wengi mashambani mwao na kuwasukuma mijini; mwanasiasa Masinde Muliro alifariki mwezi Agosti mwaka huo, na uchaguzi wa Desemba ukampeleka Wamalwa Kijana bungeni kwa jimbo la Saboti. Watazamaji wa vibanda vya Kitale waliokuja kuyaona magari ya polisi ya Soweto hawakuhitaji mkalimani wa jambo hilo. Na mkalimani alikuwapo kwa mengine, maana desturi ya vibanda vyetu ni kumweka mtangazaji anayeisemea filamu kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, akiongeza mzaha wake na kuwabatiza wahusika upya, hata mtu akaweza kudai kwamba Sarafina wa mitaani kwetu aliimbwa na kikosi cha tatu, ambacho hakuna santuri iliyokinasa.

Wabukusu wa Bungoma wana mtazamo wao juu ya suala hili la nani mwimbaji wa asili, ingawa hawakuulizwa. Kila mwaka wa shufwa, mwezi Agosti, wavulana hutahiriwa, na alfajiri ya siku yenyewe, kijana akishapakwa tope mtoni, hurudishwa nyumbani kwa wimbo wa sioyaye. Wimbo huo huhusishwa na Mango, aliyeliua joka Yabebe na akatahiriwa kwa ushujaa huo, na tangu hapo umepokezanwa na marika manane yanayozunguka, Bakolongolo, Bakikwameti, Bakananachi, Bakinyikeu, Banyange, Bamaina, Bachuma na Basawa, kila rika likiwa na zamu yake ya miaka ipatayo 12, hata duru likitimia jina la kale linarudi kwa watu wapya. Sijasikia mzee yeyote akisema kwamba sioyaye ya Bamaina ilikuwa ndiyo sahihi na ya Bachuma ni nakala. Husema tu kwamba fulani alikuwa na koo, au kwamba mwaka fulani waimbaji walikuwa walevi.

Siku hizi sioyaye huuzwa madukani na kuhamishwa kwa simu, nayo ikirekodiwa hupatwa na shida ile ile iliyompata Mukabi na sahani yake ya dakika tatu, tena kwa ukali zaidi, kwa sababu kipimo cha wimbo huu ni njia. Kiongozi huurefusha au kuufupisha kwa kuangalia kilima kilichobaki kati ya mto na boma la baba, na umati unapoitikia unaitikia ukiwa unakimbia. Studioni hakuna kilima. Nimesikia rekodi zilizotiwa kinanda cha umeme mahali pa miguu ya watu, na ijapokuwa wauzaji wa Chwele huniambia kwamba hizo ndizo zinazonunuliwa, mimi nazihesabu pamoja na Sarafina ya 1992: zimepangwa vizuri, na hakuna mwenye haraka ndani yake. Ala ya litungu imesalimika zaidi, kwa kuwa nyuzi zake saba na mpigaji wake mmoja aliyeketi huingia studioni bila ya kupoteza kitu kikubwa.

Tamthilia ya Kenya ambayo ingestahili santuri mbili za kulinganishwa ni ile ya Kamirithu. Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii na kujaa nyimbo tangu mwanzo hata mwisho, iliigizwa na wakulima na wafanyakazi wa Limuru katika uwanja wa wazi walioujenga kwa mikono yao, kuanzia mwezi Oktoba 1977, na haikumaliza wiki nyingi kabla ya kupigwa marufuku. Ngugi wa Thiong'o alitiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka. Maitu Njugira, iliyofuata mwaka 1982 na kuchukua nyimbo za makabila mbalimbali ya nchi, ilifungiwa mlango wa Kenya National Theatre, na ule uwanja wa Kamirithu ukabomolewa na askari mwaka huo huo. Gallo alikuwa na studio yake Johannesburg, chini ya serikali ya ubaguzi, akarekodi King Kong na kuiuza. Nairobi ya 1977, iliyokuwa na studio na viwanda vya santuri na waimbaji wa kuazima kwa jirani, haikututolea sahani ya Kamirithu ambayo mimi nimepata kuiona dukani. Ngaahika Ndeenda ilirudi jukwaani Nairobi mwaka 2022, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, na kikosi kipya. Anayetaka kujua kikosi hicho kimeongeza nini na kimepoteza nini juu ya kile cha kwanza itambidi apande matatu mpaka Limuru, awatafute waliokuwamo, ambao sasa ni wazee, na awaombe waimbe.